Kabla ya Kumsifu Kapteni wa Farasi

Vijana wetu wakisoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, humpenda sana yule kapteni mwenye watu wachache, anayetoka usiku na kurudi na farasi wa adui. Ushujaa sikatai. Machi 1863 John Mosby wa upande wa Kusini aliingia Fairfax, Virginia, na watu wapatao thelathini, akamwamsha Jenerali Stoughton wa upande wa Kaskazini kitandani, akaondoka naye mateka. Hadithi tamu hiyo! Lakini mwenye haki ya kuvihukumu vikosi vya namna ile si msomaji aliyeketi kwake salama, bali ni mkulima aliyekaa katika njia yao.

Mtazameni mkulima wa wilaya ya Loudoun, Virginia. Huko, mwaka 1862, Samuel Means, mwenye kinu cha kusaga nafaka kijijini Waterford, ambaye mali yake ilitwaliwa na watu wa Kusini, alipewa idhini na Serikali ya Muungano, yaani ya upande wa Kaskazini, aunde kombania ya wapanda farasi ya kujitegemea. Aliwaandikisha vijana wa palepale. Walilifaa jeshi kwa kuwa walikijua kila kivuko, na nyumba ya kila mtu na siasa ya mwenyewe. Na sumu ilikuwa humo humo. Agosti ya mwaka uleule, wapanda farasi wa Kusini wa Elijah White, nao wengi wao wenyeji wa Loudoun, waliwashambulia kabla ya mapambazuko katika kanisa la Wabaptisti la Waterford. Watu wa Means walipokwisha kusalimu amri, askari mmoja wa White alitaka kumpiga risasi ndugu yake wa tumbo moja. Wenzake ndio waliomzuia. Jeshi la wageni hupigana likapita zake. Hawa walirudi na kurudi, wakijua mlango wa kubisha.

Wakubwa wenyewe waliliona hilo. Bunge la Kusini liliviruhusu vikosi vya namna hii kwa sheria ya Aprili 1862, likaifuta Februari 1864, maana hata Jenerali Lee, mkuu wa jeshi lao, alichoshwa na uporaji wao na utoro waliouchochea jeshini. Mosby aliachwa aendelee, kwa kuwa watu wake walikuwa na nidhamu.

Na nidhamu hiyo ilimfaa nini raia? Septemba 1864 watu sita wa Mosby waliuawa Front Royal baada ya kutekwa na askari wa Muungano. Novemba naye, kwa kulipiza, akawavutisha mateka 27 wa Muungano kura ya kifo, saba wakaangukiwa, ingawa si wote waliokufa. Mwisho wa mwezi huo wapanda farasi wa Jenerali Sheridan wa Muungano, ili kumnyima Mosby riziki, waliingia Loudoun wakachoma maghala, vinu na mazao, wakaswaga mifugo kwa siku kadhaa. Hawakubagua: waumini wa dhehebu la Marafiki, wasioshika silaha na walioipenda Serikali ya Muungano, walichomewa vilevile. Mosby hakupatikana.

Basi enyi vijana, msomapo sifa za kapteni wa namna hii, wa vita vyovyote vile, ulizeni kwanza farasi wake walikula mahindi ya nani, na yeye alipotoweka, ni nani aliyebaki kuchomewa ghala.