Kitufe cha Kufunga Kinasema Lugha Gani?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kubishana iwapo tuseme tarakilishi, kompyuta au ngamizi. Mjadala huo una raha yake, nami nimeushiriki mara nyingi kuliko inavyofaa. Hata hivyo, likizo moja niliyoipitisha Mbooni, katika milima ya Makueni, ilinionyesha kwamba tumekuwa tukigombania jina la chombo huku tukiisahau lugha ambayo chombo chenyewe humsemesha mtumiaji.

Kikundi kimoja cha wakulima huko kiliniomba nikiandalie hifadhidata ya wanachama. Niliunda fomu, nikaandika lebo zote kwa Kiswahili sanifu: Jina Kamili, Nambari ya Kitambulisho, Kijiji, Hisa. Nikajipongeza. Juma la kwanza, karani alimsajili mama mmoja mzee aliyekuwa ameshuka mlimani kwa miguu tangu alfajiri, na ambaye hakuwa amebeba kitambulisho. Alipomaliza, karani alibofya alama ya msalaba iliyo pembeni mwa dirisha. Programu ikatoa maonyo mawili, la pili likieleza kwa Kiingereza kwamba rekodi haiwezi kuhifadhiwa na kuuliza kama angependa kufunga hata hivyo. Vitufe vilikuwa viwili: Yes na No. Akabofya Yes, kwani mtu mwenye adabu akiulizwa asilolielewa vyema hukubali. Mama yule alikuja kujua kwamba hamo orodhani siku ya kugawa mbegu. "Mwanangu, si nilikuja nikaandikwa?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Kosa lilikuwa langu, wala si la karani. Nilikuwa nimetafsiri lebo na kuuacha mwenendo wa dirisha kama nilivyoukuta. Katika Microsoft Access, kwa mfano, mwandalizi wa fomu anaweza kukizima kitufe cha kufunga kilicho pembeni, akaweka kitufe chake mwenyewe ambacho hukagua kwanza visanduku vilivyoachwa vitupu, kisha ndipo kifunge. Jambo lililonishangaza zaidi ni kisanduku cha ujumbe. Maandishi ya ujumbe unaweza kuyaandika kwa Kiswahili upendavyo, lakini maneno ya vitufe vyake hutoka kwa Windows yenyewe. Ukitaka vitufe viseme Kiswahili katika Windows ya Kiingereza, huna budi kuunda fomu ndogo ichukue nafasi ya kisanduku hicho.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ilikwisha kufanywa. Ni kweli kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office katika muongo huohuo. Nawavulia kofia waliozifanya kazi hizo. Lakini fomu za vyama vya ushirika, zahanati na shule huundwa na watu kama mimi, mmoja mmoja, na hakuna kifurushi kitakachotuamulia kitufe chetu kiseme nini.

Isitoshe, tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Nilipoandika Ghairi, karani alidhani maana yake ni kuahirisha, kwamba rekodi ingemngoja hadi kesho. Sasa fomu ina vitufe viwili virefu, vya kuchukiza machoni pa mwanateknolojia: "Rudi ukamilishe" na "Funga, rekodi ipotee". Tangu hapo karani hajaniita.

Limebaki jambo moja. Wazee wa huko hukiita kitambulisho kipande, neno lililobaki tangu enzi ya mkoloni na lenye uchungu wake. Karani anataka niliandike kwenye lebo, kwa kuwa ndilo analolitumia anapowauliza. Mhadhiri wangu hataki kulisikia. Kwa sasa lebo ingali inasema Nambari ya Kitambulisho, na karani huitafsiri kwa mdomo.