Siku Moja ya Mtaa Uliofungwa Ina Bei Gani?

Mtaa wa Stockton jijini San Francisco unapita sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Kusini, pembeni mwa uwanja wa Union Square, kuna maduka ya nguo za bei mbaya, hoteli, na watalii wenye mifuko ya karatasi mikononi. Ukipita handaki fupi la magari kuelekea kaskazini unatokea Chinatown, kwenye matangi ya samaki hai na makasha ya mboga yaliyomeza nusu ya njia ya waenda kwa miguu. Mwaka 2010 jiji lilianza kujenga reli ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 2.7, ipite chini ya mtaa huohuo, stesheni moja kila upande. Stesheni ya kusini ilijengwa kwa kuufunga mtaa miaka kadhaa. Ile ya kaskazini ilijengwa huku mtaa ukibaki wazi kwa sehemu kubwa. Mtu akitaka kujua kufunga barabara kunagharimu nini, na nani anabebeshwa mzigo huo, aanzie hapo.

Tuanze na kusini. Kabla koleo la kwanza la stesheni halijagusa udongo, lazima uhamishe kilichozikwa chini ya lami: mabomba ya maji, ya majitaka na ya gesi, nyaya za umeme na simu. Katika mji wa zamani hakuna ramani ya kuaminika ya vitu hivyo. Unachimba, unakuta bomba ambalo kwenye mchoro liko upande wa pili, unasimama, unamwita mwenye bomba. Wapita njia wanaona mabati na mafundi wawili wamesimama wakitazama shimo, wanasema kazi hailali wala haiamki. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kisha inakuja kuchimba kutoka juu kwenda chini, karibu mita 30, kwa sababu reli mpya ilibidi ipite chini ya mahandaki ya treni yaliyokuwapo tayari chini ya Market Street, mita chache tu kutoka kwenye sakafu yake. Shimo la namna hiyo halichimbwi pembeni mwa magari yanayopita. Stockton ikafungwa.

Lakini tazama jinsi maduka ya pale yalivyojua kujitetea. San Francisco ina kanuni inayozuia kazi za barabarani kwenye maeneo ya biashara kuanzia sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, hadi mwaka mpya, msimu ambao wenye maduka huvuna. Kuanzia 2014 chama cha wafanyabiashara wa eneo hilo kikaitumia likizo hiyo vizuri: kipande kilichofungwa kilitandikwa nyasi bandia, kikawekwa viti na muziki, watu wakafurika. Kilipendwa hadi baadhi wakapendekeza mtaa usifunguliwe tena kwa magari kabisa.

Waliokataa wazo hilo kwa sauti kubwa walikuwa wafanyabiashara wa Chinatown, na walikuwa na sababu. Mwaka 1989 tetemeko la ardhi la Loma Prieta liliharibu barabara ya juu ya Embarcadero, iliyokuwa ikiwateremsha wateja karibu kabisa na mtaa wao. Jiji likaamua kuibomoa badala ya kuitengeneza. Pwani ya mji ikapendeza. Biashara za Chinatown zikaumia. Rose Pak, mwanaharakati aliyeogopwa na mameya na kupendwa na wenye maduka wengi, alipigania reli ya chini kama malipo ya hasara ile. Sasa jiji, katika kuleta malipo hayo, lilikuwa linafikiria kuwafungia na Stockton, njia ya magari waliyobakiwa nayo. Mtaa ulifunguliwa. Pak alifariki 2016 bila kupanda treni hiyo, na mwaka 2019 bodi ya usafiri ilipiga kura 4 kwa 3 stesheni ya Chinatown iitwe kwa jina lake. Hata kwenye jina hawakuelewana.

Upande wa Chinatown mtaa ni mwembamba na watu wamebanana, hivyo wahandisi walichimba kama wachimbaji wa madini. Walinunua jengo moja kando ya Stockton, wakalibomoa, wakachimba shimo la kushukia, kisha wakatoboa pango la stesheni chini ya barabara kipande baada ya kipande, kila hatua ikipigwa zege kabla ya kusogea. Ni kazi ya taratibu, na stesheni hii ndiyo iliyobaki nyuma ya nyingine. Ila juu yake samaki waliendelea kuuzwa.

Jengo lile lililobomolewa linaonyesha kasoro ambayo haiko Marekani peke yake. Wapangaji wake walihamishwa na sheria ikawatambua: nyumba yako ikichukuliwa, unastahili kulipwa. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara hakuchukuliwa kitu. Duka lake lipo, mlango upo, bidhaa zipo kwenye rafu. Kilichopungua ni watu wa kuingia mlangoni, na kodi ya pango haipungui kwa sababu ya vumbi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyefanya biashara kandokando ya Barabara ya Morogoro wakati njia ya mwendokasi ikijengwa, kabla mabasi hayajaanza mwaka 2016, hahitaji kuelezwa zaidi. Aliyebomolewa huwa na karatasi ya tathmini ya kubishania. Aliyebaki huwa na pole.

Na pole hiyo ilikuwa ndefu. Ratiba ilisema treni zitaanza Desemba 2018. Zilianza Novemba 19, 2022, tena kwa majaribio ya mwisho wa wiki. Huduma kamili ikaja Januari 2023. Bajeti ya dola bilioni 1.58 ilifika karibu bilioni 1.95. Sababu ni nyingi na si zote za aibu, maana ardhi haitabiriki na janga la korona halikuulizwa. Nyingine ni za aibu tupu: mwaka 2018 iligundulika kwamba karibu kilomita 5 za reli zilizokuwa zimetandikwa si za chuma kigumu kilichotajwa kwenye mkataba, ikabidi ziondolewe. Mkandarasi na jiji walibishana juu ya nani alipe. Hayo ni madai ya kawaida, na kuna wanasheria wanaoishi kwayo. Ila katika meza ile ya mabishano, kila dola ya zege na ya chuma ilikuwa na mtetezi wake. Siku za mwenye duka hazikuwa na mtu.

Hapa ndipo ninaposimama. Mtaa hufungwa kupita muda wake kwa sababu muda huo ni wa bure kwa anayeufunga. Mkandarasi akiegesha mtambo barabarani mwezi mzima akisubiri vipuri, haimgharimu zaidi ya kuuegesha uwanjani kwake. Jiji nalo likichelewa miezi mitatu kuidhinisha mchoro, halipokei ankara kutoka kwa yeyote. Kitu kisicho na bei hutumiwa hovyo.

Kuipa siku bei si ndoto. California yenyewe ilifanya hivyo baada ya tetemeko la Northridge la 1994, pale madaraja ya barabara kuu ya Santa Monica, jijini Los Angeles, yalipoanguka. Mkataba ulitoa siku 140. Kila siku ya kuwahi ilikuwa na bonasi ya dola 200,000, na kila siku ya kuchelewa faini ya karibu kiasi hichohicho. Mkandarasi alimaliza siku 74 kabla ya muda akaondoka na bonasi ya karibu dola milioni 15. London nayo, tangu 2012, hutoza kodi anayechimba kwenye barabara zake zenye magari mengi zaidi, hadi pauni 2,500 kwa siku.

Wapinzani wa wazo hili wana hoja nzito. Daraja linajengwa hewani, unaliona lote. Stesheni inajengwa gizani, ndani ya udongo na maji. Ukimwambia mtu kila siku ni dola laki mbili, atakimbia, na kukimbia chini ya ardhi ya mji kunaua. Machi 3, 2009 jengo la hifadhi ya nyaraka za mji wa Cologne, Ujerumani, lilititia ndani ya uchimbaji wa reli ya chini, watu wawili wakafa na karne nyingi za karatasi zikafukiwa. Mwaka uliotangulia, Amsterdam ilisimamisha kazi kwenye stesheni ya Vijzelgracht baada ya nyumba za kale kuanza kuzama. Reli hiyo ilifunguliwa 2018 badala ya 2011, na bado nadhani kusimama kulikuwa uamuzi sahihi.

Hoja hiyo naikubali nusu. Inakataza kutoza uchimbaji. Haikatazi kutoza ufungaji wa mtaa, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwenye Wilshire Boulevard, Los Angeles, mafundi walifunga barabara mwishoni mwa wiki kadhaa, wakaweka mihimili na sakafu ya zege juu ya eneo la stesheni, magari yakarudi kupita juu huku uchimbaji ukiendelea chini kwa mwendo wake. Njia hiyo ni ghali kuliko kuacha shimo wazi. Kama siku ya barabara ni bure, mkandarasi hana sababu ya kuichagua. Kama ina bei, atapiga hesabu mwenyewe.

Na fedha ziende wapi? Los Angeles ina jibu la kuazima: mfuko unaowafidia wenye biashara ndogo, zenye wafanyakazi wasiozidi 25, hadi dola 50,000 kwa mwaka, wakithibitisha kwa vitabu vyao kwamba ujenzi umewapunguzia mapato. Sharti la vitabu linawaacha nje wengi wanaouza bila kuandika, na hilo ni tundu kubwa, hasa kwa miji yetu. Hata hivyo ni afadhali mfuko wenye tundu kuliko kutokuwa na mfuko.

Itasemwa kwamba wakandarasi wataiingiza bei hiyo kwenye zabuni na mlipa kodi ndiye atakayelipa mwishowe. Ni kweli, na ndivyo inavyotakiwa. Reli ni ya jiji zima. Kwa nini hasara ya kuijenga ibebwe na duka la viatu lililokuwa jirani na shimo?

San Francisco inalijua hili, ikitaka. Mashine mbili zilizotoboa mahandaki zilipangwa kutolewa North Beach, katikati ya Columbus Avenue, barabara ya mikahawa ya Kiitaliano. Wenye mikahawa walikuja juu. Jiji likatumia takriban dola milioni 9 zaidi kuzitolea kwenye kiwanja cha sinema iliyotelekezwa, ya Pagoda Palace, ili barabara isifungwe. Kwa hiyo mahandaki yanafika hadi North Beach, matupu, bila stesheni, na mazungumzo ya kuirefusha reli hadi Fisherman's Wharf hayajawahi kuisha. Siku zabuni ya kuirefusha ikitangazwa, wenye mikahawa wa Columbus waombe kuuona ukurasa wenye bei ya siku moja ya mtaa wao, na waombe kabla mkataba haujasainiwa.