Video ya Muziki na Sharti Lake

Wimbo huwa umekwisha kurekodiwa kabla kamera haijawashwa, na mara nyingi mwongozaji wa video hana ruhusa ya kuurefusha wala kuugusa mdundo wake. Ana dakika tatu au nne, basi. Video nyingi huukwepa ugumu huo kwa kumsimamisha mwimbaji mbele ya gari la kifahari na kupanga wachezaji nyuma yake. Zile zinazodumu hufanya kinyume: hujiongezea sharti jingine, gumu zaidi, na kulitii mpaka mwisho.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Star Guitar" ya The Chemical Brothers, iliyoongozwa na Mfaransa Michel Gondry mwaka 2002. Kinachoonekana ni mandhari ya nje ya dirisha la treni tu. Nguzo, madaraja na majengo yanapita, na baada ya muda mtazamaji anang'amua kwamba kila kinachopita ni sauti iliyomo ndani ya wimbo. Pigo la ngoma lina jengo lake. Ala ikiingia, kitu kipya kinatokea kando ya reli, na ikinyamaza nacho hakionekani tena. Gondry aliupanga wimbo kwenye karatasi ya grafu, kisha akaujaribu mpango wake kwa machungwa, uma, vitabu na bilauri, kila kimoja kikishika nafasi ya sauti fulani. Safari kati ya Nîmes na Valence ilirekodiwa tena na tena, saa tofauti za siku, ili apate mwanga wa kila namna. Hakuna mwimbaji wala hadithi, na hakuna kinachopungua.

Kazi ya subira ya namna hiyo ilikuwapo tangu miaka ya 1980. Kwa ajili ya "Take On Me" ya a-ha, iliyoongozwa na Steve Barron mwaka 1985, Michael Patterson na Candace Reckinger walichora kwa penseli maelfu ya fremu juu ya picha za watu halisi. Mwaka uliofuata, katika "Sledgehammer" ya Stephen R. Johnson, Peter Gabriel alilala saa 16 chini ya kioo, huku vitu vikisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja.

Kundi la OK Go lilichagua sharti la kimaumbile. "Upside Down & Inside Out" ya mwaka 2016 ilirekodiwa Urusi ndani ya ndege inayopanda na kushuka ili waliomo waelee. Kila mzunguko wa kupanda na kushuka ulitoa nusu dakika hivi ya kuelea, na wimbo ni mrefu kuliko muda huo, kwa hiyo wasanii walibaki mahali pao kati ya mzunguko na mzunguko, na vipande vya kusubiri vikakatwa.

Sharti halihitaji bajeti ya ndege. Mwaka 2010 Just a Band wa Nairobi walitoa "Ha-He" kwa kufuata kikamilifu sura ya filamu za ngumi za miaka ya 1970, na shujaa wake, Makmende, akaenea Kenya nzima kwa picha na vichekesho ambavyo watazamaji wenyewe walivibuni mtandaoni.

Hata hivyo, wanaojiwekea masharti haya hawakutambuliwa upesi: hata MTV, televisheni ya muziki iliyoanza 1981, ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kuandika majina ya waongozaji kwenye skrini.