Mfadhili akiondoka, timu ibaki: klabu za soka kambini zijiendeshe vipi?

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, habari zinazotoka katika kambi na makazi ya wakimbizi ya Afrika Mashariki ni za kupunguziwa: chakula, dawa, walimu, wafanyakazi wa mashirika. Nchini Uganda, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza Mei 2025 kwamba wakimbizi wapatao milioni moja wameondolewa kwenye msaada wa chakula. Ukiwa na njaa, kuzungumzia mpira kunaweza kuonekana mzaha.

Lakini anayeishi Kakuma, Nakivale au Nyarugusu anajua timu inafanya kazi gani. Jioni uwanjani Mkongomani, Mrundi, Msudani Kusini na mwenyeji hukutana bila kuitwa kwenye semina ya amani. Timu ikifa, kijana aliyekuwa mazoezini saa kumi na moja hutafuta pengine pa kuwa. Kwa hiyo swali ni hili: fungu la michezo likikatwa, nini kitaibakisha timu?

Somo la mfadhili mmoja

Tatizo hili si la wakimbizi peke yao. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuongeza leseni za kampuni kadhaa za kamari. Agosti mwaka huo SportPesa ikafuta udhamini wake wote wa michezo nchini. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki nchi nzima, zikajikuta na wachezaji wasiolipwa kwa miezi. SoNy Sugar ya Awendo, iliyotegemea kiwanda cha sukari kilichokuwa taabani, iliondolewa kwenye ligi kuu mwaka huohuo baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu.

Klabu hizo zilikuwa na majina, historia na mashabiki. Zilichokosa ni mguu wa pili wa kusimamia. Timu ya kambini inayopewa mipira, jezi na nauli na shirika moja iko mahali palepale, ila yenyewe haina hata mashabiki wa kuichangia kutoka mbali.

Ndoto ya kuuza nyota

Viongozi wengi husema, "Tukipata mchezaji mmoja akaenda Ulaya, shida zimekwisha." Tuangalie mifano tunayoijua. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995 na akaichezea Australia, hata kwenye Kombe la Dunia la 2022. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma mwaka 2006, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, na mwaka 2024 alijiunga na Bayern Munich akitokea Adelaide United.

Kanuni za FIFA zinazitambua klabu zilizomlea mchezaji. Akihamia klabu ya nchi nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kati ya klabu alizochezea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi mwaka aliotimiza 23. Lakini Irankunda aliondoka akiwa mtoto mchanga, na Mabil aliondoka akiwa na miaka kama 10. Wote wawili walikuwa wameshaondoka kabla hesabu haijaanza.

Hata mchezaji akibaki kambini hadi miaka 17, malipo hayaji yenyewe. FIFA hufuata kumbukumbu za usajili za shirikisho la nchi. Timu isiyosajiliwa, au iliyosajiliwa bila kuwaandikisha wachezaji wake, haionekani kabisa kwenye kumbukumbu hizo. Kusajili wachezaji wadogo ni jambo jema kwa sababu hulinda haki yao na ya klabu. Kuitegemea pesa hiyo kwa nauli ya Jumamosi ijayo ni bahati nasibu.

Mathare walianzaje?

Mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilianzishwa katika mtaa wa mabanda wa Mathare jijini Nairobi. Kanuni yake moja ilisambaa duniani: timu hupata pointi za ligi kwa kufanya usafi mtaani, si kwa kushinda mechi tu. Vijana wenyewe huchagua kamati zao. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Mathare United yenyewe imewahi kuyumba kifedha na kushuka daraja. Lakini mizizi ya mtaani haikutegemea ubingwa. Mtaa unaoona timu inazibua mitaro una sababu ya kuichangia. Timu inayoonekana mwezi wa mashindano tu haina wa kumlilia.

Kalobeyei nako kuna la kujifunza. Tangu 2019 nyumba ya michezo ya Klabu huazimisha vifaa kama maktaba inavyoazimisha vitabu. Mpira mmoja ukiandikwa kwenye daftari, ukatoka na kurudi, huhudumia watu wengi kuliko mipira kumi iliyogawiwa na kupotelea majumbani.

Hesabu ndogo, lakini yetu

Tuchukue mfano wa timu ya Kakuma yenye wachezaji 25. Kila mmoja akitoa shilingi 20 za Kenya kwa wiki, ni shilingi 500. Kwa wiki 40 ni shilingi 20,000. Mashabiki 30 wakitoa 50 kwa mwezi, kwa miezi 10 ni shilingi 15,000. Jumla ni 35,000. Kiasi hicho hakiendeshi timu ya daraja la juu inayosafiri hadi Lodwar, kilomita kama 120, na kwingineko kila wiki mbili. Kinaweza kununua mipira, kulipa marefa na kushona nyavu.

Asiye na shilingi 20 asifukuzwe. Afyeke uwanja au afue jezi, na kazi yake iandikwe daftarini kama mchango. Sehemu ya fedha iwekwe akiba, kama vinavyofanya vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama katika makazi yetu. Na timu ichague daraja inaloliweza. Kupanda ligi bila nauli ni kujiandikia adhabu ya kutofika uwanjani.

Timu isiwe ya mtu

Udhaifu mkubwa wa klabu zetu ni kwamba watu huondoka. Mwenyekiti hupata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, kocha hurudi nyumbani, mweka hazina hupata kazi mjini. Akiondoka na daftari, muhuri na laini ya simu yenye fedha, timu imeondoka naye.

Dawa yake haina gharama. Kila cheo kiwe na msaidizi anayejua kazi yote. Fedha zitolewe kwa idhini ya watu watatu. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama kila mwezi. Na klabu isajiliwe kwa jina lake. Kenya ina Sheria ya Michezo ya 2013 na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Uganda, sheria ya wakimbizi ya 2006 inawapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na kujiunga na vyama visivyo vya siasa. Tanzania hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kutoka kambini kunahitaji kibali. Huko ligi ya ndani ya kambi ndiyo msingi, na hesabu iwekwe kwa ligi hiyo.

Wenyeji wasiwe wageni

Mara nyingi uwanja uko kwenye ardhi ya wenyeji. Timu ya wakimbizi watupu inaweza kupoteza uwanja siku mgogoro wa kuni au maji unapozuka. Timu yenye wenyeji kwenye kikosi na kwenye kamati ina watetezi pande zote mbili, na mwenyeji mara nyingi husafiri na kufungua akaunti kwa urahisi zaidi. Wasichana nao wapewe siku zao za uwanja na nafasi kwenye kamati, kwani klabu inayoacha nusu ya vijana nje inaacha pia nusu ya wachangiaji.

Shirika likija na msaada, tuupokee. Lakini tuombe vitu vinavyobaki: kozi ya makocha na marefa, nyavu, pampu, usajili. Jezi za mashindano ya siku moja huchakaa upesi. Kabla msimu ujao haujaanza, kila klabu iitishe mkutano na ijibu maswali matatu mbele ya wanachama: tuna kiasi gani, nani anakitunza, na mfadhili asipokuja tutacheza mechi ngapi? Jibu la swali la tatu likiwa sifuri, kazi ianze hapo.