Mabati Yanapotoa Jasho

Chukua ngazi siku moja uchungulie juu ya dari ya nyumba yako. Huenda ukakuta mbao zinazobeba mabati zimejaa madoa meusi, utadhani mtu amezipaka masizi. Wenye nyumba wengi hapa Nakuru wakiona hivyo humlaumu aliyeezeka. Jirani yangu wa Kiamunyi alimwita fundi mara tatu azibe mahali panapovuja. Fundi aliongeza misumari, akapaka lami, akalipwa, akaenda zake. Julai iliyopita matone yalirudi, tena usiku usio na wingu hata moja.

Hapo ndipo penye siri. Paa bovu huvuja mvua inaponyesha. Likidondosha maji alfajiri ilhali nje ni kukavu, basi maji hayo yametoka ndani ya nyumba yenyewe.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Molo na Elburgon ziko juu zaidi. Kati ya Juni na Agosti usiku huwa na baridi kali, na bati, kwa wembamba wake, hupoa upesi. Nasi chini yake tumefunga madirisha, tunapika, tunaoga maji moto, tunaanika nguo za watoto sebuleni. Hata pumzi zetu zina mvuke. Mvuke huo hupenya kwenye nyufa za dari na tundu la taa, na ukigusa bati baridi hugeuka maji, sawa na yale ya kwenye kifuniko cha sufuria. Mbao zikilowa hivyo usiku baada ya usiku, kuvu humea.

Wengi hawajui kwamba gesi ya kupikia nayo hutoa maji. Kilo moja ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Hivi basi, mtungi wa kilo 6 hutoa zaidi ya lita 9 za maji. Makaa hutoa mvuke kidogo, lakini msije mkasema nimewarudisha kwenye jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa! Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Je, tiba ni nini? Anza na hewa, si dawa. Paa linahitaji matundu chini ya upenu na juu kwenye kuta za pembeni, yenye wavu wa kuzuia popo. Nimeona watu wameyaziba kwa magazeti (sitaki kujua ni gazeti gani) wakiogopa baridi. Zibeni nyufa za dari badala yake.

Kisha safisha. Usikwangue kuvu likiwa kavu, kwani vumbi lake hupeperuka na kuwasumbua wenye pumu. Funika pua na mdomo, sugua kwa brashi, maji na sabuni, uache mbao zikauke kabisa. Dawa ya kung'arisha nguo huweza kufifisha doa na kuacha kuvu ndani ya ubao. Na ole wako uichanganye na dawa ya choo, maana hutoa hewa ya sumu. Choma ubao kwa bisibisi: ikizama kama kwenye mkate, ubao umeoza, ubadilishwe. Bodi ya dari iliyolowa na kuota kuvu itupwe.

Mpangaji hawezi kutoboa ukuta wa mwenyewe. Lakini anaweza kufungua dirisha la jikoni anapopika, kufunika sufuria na kuanika nguo nje.

Jirani yangu alitoboa matundu manne mwezi wa Septemba na hajamwita fundi wa lami tena. Julai ikifika nitaiazima ngazi yake nikachungulie.