Heri Nusu Shari? Muuguzi na Wembe Uliochemshwa

 

 Juma hili nawaandikia jambo nililoulizwa safarini. Nilikuwa Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, kwa ajili ya nikahi ya mtoto wa ndugu yangu. Mji huo uko kando ya barabara itokayo Athi River kwenda Namanga. Zamani yalikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai. Leo nyumba zimesongamana, na miongoni mwa wakaazi wake wamo watoto wetu wa Pwani waliofuata riziki huko.

Baada ya sala ya Isha alinijia binti mmoja muuguzi, amefuatana na shangazi yake. Asili yake ni Pwani, na kazi yake iko katika zahanati moja upande wa Kajiado. Amenipa ruhusa niyaandike maneno yake ili yawafae wengine, kwa sharti nisimtaje yeye wala jirani yake. Sharti hilo nimelitimiza.

Alisema: "Ami, nina jirani, mama wa Kiislamu, mtu mwema; Ramadhani tunaswali tarawehe bega kwa bega. Ana binti wa miaka kumi. Bibi wa mtoto ameshikilia kwamba lazima mjukuu wake akatwe kama walivyokatwa wenziwe, na baba wa mtoto amenyamaza. Mama yule akanijia usiku, akalia mbele yangu. Akasema, 'Mwenzangu, wewe ni nesi. Una mkono mwepesi, una dawa ya ganzi, na vifaa vyako vimechemshwa. Mkate kidogo tu, nyumbani kwangu, bibi yake aridhike. Ukikataa, likizo hii atapelekwa kwa ngariba, akatwe kwa wembe wa dukani. Heri nusu shari kuliko shari kamili.' Sasa ni siku tatu sipati usingizi. Nikikubali, nimefanya nilichokatazwa. Nikikataa, na mtoto akavuja damu mikononi mwa ngariba, je, damu ile si juu yangu?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe hadi asubuhi, kwani hoja ya mama yule si ya mtu mjinga. Imevaa nguo za fikihi, na mwenye kuijibu kwa pupa atashindwa nayo.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Ukeketaji ni kukata au kujeruhi maumbile ya siri ya mwanamke pasipo haja yoyote ya matibabu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Kenya walikuwa wamekatwa. Mwaka 2014 walikuwa 21, na mwaka 2022 walikuwa 15. Hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini hesabu ya nchi nzima huficha mengi, kwa kuwa mila hii bado ina nguvu katika baadhi ya jamii, wakiwamo Wamaasai wa Kajiado, Wakisii na Wasomali. Tena ziko familia ambazo, sheria ilipokaza, hazikuacha kukata. Zilibadilisha mkono tu. Zikamwacha ngariba, zikabisha hodi kwa muuguzi.

Sheria haikuwatenganisha wawili hao. Sheria ya Kenya ya kupiga marufuku ukeketaji ya mwaka 2011 inampa mwenye kukata kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Na mtoto akifa, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Imeeleza wazi kwamba hata aliyekatwa akikubali, ukubali wake hauwi kinga kwa aliyemkata. Binti yule aliyajua yote hayo kuliko mimi. Aliniambia, "Ami, siogopi jela, naogopa damu."

Akanihesabia kwa vidole kanuni nne walizofunzwa chuoni: kuheshimu hiari ya mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kufanya uadilifu. Akasema, "Darasani kanuni hizi zilikaa pamoja kama dada wanne. Usiku ule ziligombana." Mama anaomba kwa hiari yake, kumkinga mtoto na wembe mchafu ni wema, na kumkata ni madhara. Afuate ipi?

Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, nilimjibu hivi.

Nilianza na hiari. Nilimuuliza, "Mgonjwa wako ni nani, mama au mtoto?" Akasema ni mtoto. Basi hiari inayotafutwa ni ya mtoto, naye ana miaka kumi. Hajui anachotakiwa, wala hana uwezo wa kukataa. Mzazi ni walii wake, ni kweli, lakini uwalii ni amana wala si umiliki. Qur'ani imetukataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora kwa yatima mwenyewe. Ikiwa shilingi ya mtoto haichezewi bila ya maslahi yake, vipi mwili wake?

Kisha nikamjibu kuhusu madhara. Wembe ukichemshwa huondoka uchafu, lakini ukataji unabaki kuwa ukataji. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia uzazi wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwao, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Waliokatwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa kwa kupasuliwa, kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, na kufiwa na watoto wachanga, na hatari iliongezeka kadiri ukataji ulivyokuwa mkubwa. Kovu huzuia njia ya mtoto miaka mingi baadaye, na kovu halikumbuki kama lilitokana na kisu cha hospitali au na wembe wa dukani. Binti aliinamisha kichwa. Akasema, "Hao mama nawapokea kila wiki, ami. Mimi ndiye ninayewashika mkono wakijifungua."

Hata huo usalama unaosemwa hauna dhamana. Mwezi Juni mwaka 2007, huko Misri, binti mdogo alipelekwa kukatwa katika kliniki. Hakukuwa na ngariba. Alikuwako daktari, na dawa ya kumlaza ilikuwako. Mtoto yule alikufa. Ni baada ya msiba ule ndipo Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Ali Gomaa, alipotamka kwamba jambo hili ni haramu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye nusu shari. Ni kweli kwamba wanavyuoni wetu wamethibitisha kanuni ya kuchagua dhara jepesi mtu anapokutana na madhara mawili. Lakini kanuni hiyo ina sharti lake, na sharti ndilo lililosahauliwa usiku ule: lazima pasiwe na mlango wa tatu. Mtu aliye ndani ya jahazi linalozama hutupa shehena baharini ili roho zipone, kwa sababu hana pengine pa kukimbilia. Mtoto yule hayumo ndani ya jahazi linalozama. Yuko nyumbani kwa mama yake, ana baba aliye hai, ana shule, na liko dola lenye sheria ya kumlinda. Mlango wa tatu upo, nao ni kutokatwa kabisa. Mwenye kumpa mama kisu kilichochemshwa ndiye anayeufunga mlango huo, kwani sasa bibi atajua kwamba hata wasomi wanalikubali jambo hili, na kesho atakuja jirani mwengine na binti mwengine. Tena wanavyuoni hao hao wamesema kwamba dhara haliondolewi kwa dhara lililo mfano wake.

Najua wako watakaoniuliza, "Sheikh, mbona vitabu vya madhehebu yetu ya Imam Shafi'i vinaitaja tohara ya wanawake?" Sitawaficha, vinaitaja, na wapo waliosema ni wajibu. Lakini hadithi mashuhuri inayotegemewa katika jambo hili, ile ya Ummu Atiyya, Imam Abu Daud aliyeipokea ndiye mwenyewe aliyeeleza udhaifu wake. Kisha, hao mafakihi walitoa hukumu zao wakidhani pana manufaa na hapana madhara. Katika maradhi na tiba, fikihi yetu humrejea tabibu mwaminifu. Kwa neno lake mgonjwa hula mchana wa Ramadhani, na kwa neno lake mtu huacha maji akatayamamu. Leo matabibu wametoa ushahidi wao. Itakuwaje tuwasikilize katika saumu na udhu, kisha tuwazibie masikio katika mwili wa mtoto? Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kwamba kudhuru hakuna nafasi katika dini hii.

Wengine watasema, "Basi na wafanyiwe wakubwa walioridhia, tena na madaktari." Hoja hiyo ilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya. Daktari Tatu Kamau aliifungua kesi mwaka 2017 akitaka sheria ya 2011 ibatilishwe, kwa kuwa mwanamke mzima ana haki ya kujiamulia. Tarehe 17 Machi 2021 majaji watatu waliikataa. Hata kama mtu ataendelea kujadili habari ya mwanamke mzima, mtoto wa miaka kumi hayumo katika mjadala huo.

Likabaki swali lake kubwa, la damu. Nilimwambia: "Mwanangu, Qur'ani imetufundisha kwamba hakuna nafsi itakayoubeba mzigo wa nafsi nyengine. Damu haiwi juu yako kwa kukataa. Lakini yaweza kuwa juu yako kwa kunyamaza."

Akashtuka. "Na siri ya jirani yangu, ami? Sisi wauguzi tumefunzwa kwamba siri ni amana."

Nikamwambia ni kweli, siri ni amana, na muuguzi anayebeba habari za wagonjwa wake sokoni amekhini. Lakini wanavyuoni wamefundisha kwamba vikao vyote ni amana isipokuwa kikao cha kumwaga damu isiyo ya haki. Sheria ya nchi nayo imesema hivyo kwa lugha yake: mwenye kujua kwamba ukeketaji umepangwa, asitoe habari kwa askari, yeye mwenyewe ametenda kosa. Na mwenye kumvusha mtoto mpaka, kwa mfano pale Namanga, ili akakatwe nchi nyengine, naye ametenda kosa. Kwa hivyo nilimwambia asingoje likizo ifike. Amwendee mama yule siku ile ile, amweleze kwa upole, amweleze pia kwamba yeye hana ruhusa ya kulifunika jambo hili. Kisha alifikishe kwa chifu, kwa afisa wa watoto na kwa polisi. Tena iko namba 116, ya kuwasaidia watoto, ambayo yeyote anaweza kuipigia bila malipo.

Nami nilikuwa na sehemu yangu, kwani si haki sheikh kumtwika binti mzigo huu wote kisha yeye apande basi arudi Pwani. Tulimwomba imamu wa msikiti wao, na tukaenda naye kumwona baba wa mtoto. Baba yule alikuwa amenyamaza kwa kudhani kwamba mambo ya mabinti ni ya wanawake. Imamu alimwambia kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, naye pia ataulizwa. Mzee akalia. Jioni ile, mbele ya mama yake mzazi, alitamka kwa mara ya kwanza kwamba binti yake hatakatwa. Bibi alikasirika, na hadi ninapoandika haya hajaridhika. Afisa wa watoto amekwisha kufika nyumbani. Mama yule hamwamkii tena muuguzi wetu, na hilo linamuuma sana. Lakini mtoto yuko shuleni, mzima.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu Pwani husema, "Hayo ni mambo ya bara." Binti zetu wanafanya kazi huko, wanaolewa huko, na maombi kama haya yatawafikia wakiwa peke yao usiku. Tuwafunze jibu kabla ya swali. Wala wauguzi wetu wasisahau upande wa pili wa amana: mwanamke aliyekwisha kukatwa akija kujifungua, au binti akiletwa anavuja damu, asikaripiwe wala asitazamwe kwa dharau. Yeye ndiye aliyedhulumiwa. Atibiwe, asitiriwe, apewe maneno mema.

Wakati wa vita vya Khandaq, hema la Bibi Rufaida lilikuwa katika msikiti wa Mtume (S.A.W.), na humo ndimo alimouguzwa Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa. Uuguzi wetu ulianzia hapo, kwa mwanamke aliyefunga majeraha ya watu. Mkono huo haukuwekwa katika ummah huu uje kufungua majeraha mapya, hata kwa wembe uliochemshwa.

Mwenyezi Mungu awalinde mabinti zetu, awape wauguzi wetu ujasiri, na awalainishe nyoyo jirani wawili hao waamkiane tena. Amin. Wallahu a'lam.