Ndege Zikila Mbarika, Sisi Tutakula Nini?

Hakuna asiyejua kwamba moshi wa ndege unachangia kuongeza joto duniani. Ndiyo maana mashirika ya ndege yanatafuta mafuta yasiyochimbwa ardhini. Mnamo tarehe 25 Mei 2023, Kenya Airways ilirusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikitumia mafuta ya kawaida yaliyochanganywa na mafuta ya aina hiyo. Ulaya nayo imeamuru kwamba kuanzia 2025, asilimia 2 ya mafuta ya ndege yanayouzwa katika viwanja vyake yawe ya aina hii, na ifikapo 2050 iwe asilimia 70. Si mchezo!

Mtauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Machakos? Jameni, yanatuhusu sana! Mwaka 2022, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kinu pale Wote, Makueni, kwa majirani zetu tuliokuwa nao wilaya moja hadi 1992. Kinu hicho hukamua mbegu kama za mbarika, na mwaka uo huo mafuta ya kwanza yalisafirishwa hadi Italia kusafishwa.

Mimi sipingi. Mbarika huvumilia ukame, na Ukambani ukame ni mgeni asiyebisha hodi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Si tuliambiwa ati jatrofa ingetutajirisha? Wakulima wakaipanda kwa wingi, mbegu zikawa haba. Uchunguzi uliotolewa 2009 ukawashauri wakulima wadogo wasiipande ila iwe ua tu.

Kwa maoni yangu, mambo mawili yafanywe. Kwanza, mbarika ipandwe mipakani na penye udongo hafifu, isifukuze ndengu, kunde na mbaazi shambani. Pili, bei iandikwe na kutiwa sahihi kabla ya jembe kugusa udongo. Mafuta haya ni ghali, zaidi ya maradufu ya yale ya kawaida. Wakubwa wakitaka kupunguza gharama, wataanza na nani kama si mnyonge?

Abiria akikosa ndege leo, atapanda ya kesho. Mkulima akikosa mavuno hungoja mvua ya msimu mwingine, na watoto wake ndio sisi tunaotumwa nyumbani kuleta karo. Shime wenzangu, tuwaeleze wazazi: kabla ya kupokea mbegu, waulize bei!